Goli Lililokimbia

Paliondokea nchi moja, nami naishi humo hadi leo, kwa hiyo msinilazimishe kulitaja jina lake kwa sauti, ambayo watu wake waliupenda mpira wa miguu kuliko mpira ulivyowapenda wao. Timu yetu ya taifa ilifungwa kila iliposafiri, na iliposhindwa kusafiri ilifungwa hapa hapa nyumbani. Serikali yetu, ambayo ni serikali yenye moyo mkuu, haikuwahi kunung'unika. Kila timu iliporudi ilipokewa uwanja wa ndege kwa tarumbeta, na kiongozi mmoja alipanda jukwaani kuwapongeza wachezaji kwa kufungwa kwa nidhamu.

Mimi ni karani katika Idara ya Maji. Kazi yetu ni kuwaeleza wananchi kwa nini maji hayatoki, na bila kujisifu, tunaieleza vizuri. Nina mke na mtoto mmoja wa kike, Mboni, ambaye mambo haya yalipoanza alikuwa na miaka mitano na hofu ya kila kitu. Aliogopa kuku. Aliogopa honi. Aliogopa wageni wenye ndevu na wasio na ndevu. Akiona wenzake wanacheza, alijibanza nyuma ya suruali yangu akachungulia kwa jicho moja.

Mke wangu ndiye aliyesikia habari za Kocha Sikitu. Huyu alikuwa mwalimu wa chekechea mtaani kwetu, mwanamke mrefu mwenye goti bovu, ambaye zamani alicheza winga ya kushoto katika timu ya taifa ya wanawake, hadi timu ile ilipopewa likizo ambayo bado haijaisha. Kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya watoto wadogo nyuma ya ghala la zamani la pamba, akaweka mawe mawili huku na mawili kule, akawafundisha mpira. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa anapenda tu, jambo ambalo katika nchi yetu ni gumu kuwaeleza polisi.

Siku ya kwanza Mboni alikataa kuiachia suruali yangu. Kocha Sikitu hakumvuta. Alichuchumaa na lile goti lake bovu, akaweka mpira chini mbele ya mtoto, akasema kwa kunong'ona:

"Mboni, huyu mpira amelala. Unaweza kumwamsha? Kwa kidole cha mguu tu. Usimshtue."

Mboni aliutazama mpira muda mrefu. Kisha mguu mmoja ukatoka nyuma ya suruali, ukagusa. Mpira ukajiviringisha kidogo, ukasimama.

"Ameamka!" Kocha alisema. "Haya, anakwenda wapi sasa? Mfuate!"

Mwanangu akaiachia suruali.

Sijui niwaeleze vipi mpira wa watoto wale. Mpira ulipokwenda kushoto, wote walikwenda kushoto kama siafu. Ulipokwenda kulia, wote kulia. Mmoja aliukalia akakataa kuinuka. Mtoto wa Mkuu wa Wilaya, aliyeitwa Bosko, alikuwa akipita mahali penye sisimizi anasimama kuwatazama, na mchezo unamzunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe. Mtu akijifunga mwenyewe, timu zote mbili zilishangilia.

"Kocha," nilimwuliza siku moja, "nani ameshinda?"

"Leo hakuna aliyelia, Baba Mboni," alinijibu. "Tumeshinda wote."

Mboni alianza kuongea kuanzia Jumapili hadi Ijumaa habari za Jumamosi. Aliacha kuwaogopa kuku. Mke wangu alisema nyumba imepata mtoto wa pili, na huyu ana sauti.

*

Basi ikatokea aibu ya kitaifa. Timu yetu ilicheza na kisiwa jirani, kisiwa kidogo sana, ambacho ukikitafuta katika ramani unakuta kimefunikwa na herufi ya kwanza ya jina lake chenyewe. Golikipa wao siku za kawaida ni mwoka mikate. Tulifungwa mabao ambayo redio ya taifa ilisema ni "kadhaa".

Waziri wa Michezo, Furaha na Nidhamu, Mheshimiwa Kishindo, alikasirika. Alitangaza kwamba atamtafuta aliyesababisha, na kwamba ameshajua kuwa si yeye. Akiwa katika msako huo, msafara wake ulipita njia ya mkato nyuma ya ghala la pamba, siku ya Jumamosi, ukamkuta Bosko amechuchumaa katikati ya njia, anawatazama sisimizi. Gari la mbele likapiga honi. Bosko akainua kiganja, akamwomba dereva asubiri wapite.

Mheshimiwa akateremka. Akawaona watoto wanakimbia. Alikunja uso kama mtu aliyekuta wageni wasiojulikana sebuleni kwake.

"Hawa ni nani?"

"Ni watoto, Mheshimiwa," alijibu Kocha Sikitu.

"Wanafanya nini?"

"Wanacheza mpira."

"Nani kawaruhusu kukimbia?"

"Wanakimbia wenyewe, Mheshimiwa."

"Wenyewe!" Waziri aliwageukia wapambe wake, sauti inamtetemeka. "Mmesikia? Nchi nzima inahangaika kutafuta watu wa kukimbia, kumbe wapo, na wanakimbia bila mpangilio!"

Siku chache baadaye ukazaliwa Mpango Kabambe wa Kuchimbua Vipaji Vichanga, ambao kwa kifupi uliitwa MKAKUVIVI. Ulizinduliwa pale pale nyuma ya ghala. Watoto walifikishwa jua linapochomoza, kwa sababu Waziri angefika saa nne, naye akafika saa nane. Wakati huo wengine walikuwa wamelala mchangani, wengine wamekojoa, na kwaya ya Wizara ilikuwa imeimba mpaka sauti zikakauka.

"Ndugu wananchi!" alisema Mheshimiwa Kishindo chini ya hema. "Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nasema walichelewa! Kwa nini tungoje mpaka awe samaki? Tumkunje angali yai!"

Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele.

Kisha akapelekewa mpira juu ya mto mwekundu, akarudi nyuma, akaja mbio, akaukosa. Kiatu chake kilichomoka, kikaruka juu ya hema, kikaanguka kati ya yale mawe mawili. Watoto walicheka, tukawaziba midomo. Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba Waziri amefungua mpango kwa kufunga bao.

*

Mkurugenzi wa MKAKUVIVI alikuwa Bwana Mtalimbo, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyehamishwa kutoka Bodi ya Korosho. Huko aliongoza kwa ustadi mkubwa hadi korosho zikaisha. Kocha Sikitu alipewa cheo cha Mratibu Msaidizi wa Muda. Kazi yake ilikuwa kupanga viti na kuvikunja.

Jambo la kwanza alilofanya Mkurugenzi ni kufungia mipira stoo. "Mpira ni haki," alitueleza wazazi, "na haki hapewi mtu ambaye hajafuzu wajibu." Kwa hiyo kila Jumamosi watoto walisimama mistari na kuimba sheria za mpira kwa sauti moja. Kucheza kwenyewe kulipangiwa awamu itakayofuata.

Bosko alinyoosha mkono. "Mpira uko wapi?"

"Mpira uko moyoni, mwanangu," alisema Bwana Mtalimbo.

Bosko alijipapasa kifua, akajipapasa tena. "Haupo," alisema.

Nafasi za uwanjani zikagawiwa kwa haki, yaani kwa kuangalia vyeo vya wazazi. Bosko akawa mshambuliaji wa kati. Watoto wa maofisa wakawa viungo. Watoto wa walimu wakawa walinzi, maana wazazi wao wamezoea kulaumiwa. Tulipofika sisi wa Idara ya Maji nafasi zilikuwa zimekwisha.

Lakini serikali haimtupi mtu. Mkurugenzi alikuwa ameyaondoa yale mawe, akisema taifa halifungi magoli kwenye mawe. Nguzo za chuma zilikuwa zimeagizwa kutoka nje, bado hazijafika. Akawatazama watoto waliobaki, akatembea mbele yao taratibu, akasimama mbele ya Mboni. Mwanangu, alipoona tumbo kubwa lile na ile miwani, aliganda. Hakupepesa hata jicho.

"Huyu!" alisema Bwana Mtalimbo. "Ana kipaji adimu. Hatikisiki. Atakuwa nguzo ya goli, upande wa kushoto."

Nilisogea kwa adabu. "Samahani, Mkurugenzi. Nguzo za chuma si zinakuja?"

"Zipo njiani."

"Njia ipi, mzee wangu?"

Aliniwekea mkono begani. "Baba Mboni, unauliza kama mtu asiyetaka mwanawe alitumikie taifa."

Nikasema nataka. Ningesema nini? Basi mwanangu akasimamishwa mahali pake, akanyooshewa mkono mmoja juu ili kuonyesha goli linafika wapi. Kila mara mkono ulipochoka ukashuka, Mkurugenzi alisema kwa ule upole wake, "Goli limepungua, mama," naye anauinua.

Nyumbani mke wangu aliweka sufuria chini kwa nguvu.

"Mwanangu si mti!"

"Ni nguzo, Mama Mboni. Kuna tofauti."

"Nenda kaseme."

"Nitasema."

"Lini?"

"Nafasi ikipatikana."

"Na wewe ni baba yake," alisema, akarudi jikoni. Kwa kweli nilijiandaa kusema. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema, nikamkuta Mkurugenzi yuko na watu. Nyingine nikamkuta yuko peke yake, akaonekana amechoka, nikaona si ubinadamu kumsumbua.

*

Kocha Sikitu hakungoja nafasi ipatikane. Jumapili, watu wakitoka ibadani, alifungua geti la uwanja wake mdogo nyuma ya nyumba, akatoa mpira wa matambara na nailoni alioufunga mwenyewe kwa kamba za katani. Hakumwita mtu. Watoto walikuja tu, kama inzi wanavyojua palipo na embe. Mboni alikimbia humo mpaka jasho likamtiririka, akaanguka, akainuka, akapiga kelele neno ambalo hata mimi nililielewa kwa tabu: "Nipee!"

Mambo mazuri katika nchi yetu hayafichiki, kwa kuwa yanapiga kelele. Wakaja mabwana wawili waliovaa suti zinazofanana. Tulikuwepo wazazi kadhaa. Walibisha hodi kwa heshima kabisa.

"Dada, hapa kuna nini?"

"Watoto wanacheza."

"Tumepata taarifa ya mkusanyiko wa miguu."

"Miguu ni yao wenyewe," Kocha alisema. "Wamekuja nayo."

Bwana mmoja akauokota mpira wa matambara, akaubonyeza, akaunusa. "Na hiki?"

"Mpira."

"Mipira yote ya watoto iko stoo, dada. Kwa hiyo hiki hakiwezi kuwa mpira." Akakitia kwenye mfuko wa koti. Mfuko ukavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Watoto wakautazama ule mfuko hadi ulipotoka getini.

Tulidhani watamfunga. Hatujui wema wa serikali. Walimpandisha cheo. Alifanywa Kocha Mkuu wa Watoto wa Kanda ya Chumvi, na kuondoka ni mara moja. Kanda ya Chumvi ni uwanda mweupe mwisho wa nchi, ambako hakuna mtu anayeishi isipokuwa askari wanaolinda chumvi, na askari wale hawana watoto, maana hawaruhusiwi kuhamia na familia.

Alipanda lori mchana, begi moja tu na mguu umefungwa bandeji. Wazazi tulikuja kumuaga tukiwa tumesimama mbali kidogo mmoja na mwenzake, ili isionekane ni mkusanyiko. Watoto walimng'ang'ania kanga. Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

"Baba Mboni, utawachezesha?"

"Mimi sijui mpira, Kocha."

"Hata wao hawajui."

Lori likaguruma. Nilijifanya sikusikia kwa sababu ya injini. Mboni alilikimbilia lori hadi penye kona, kisha akarudi akitembea, akaishika suruali yangu pale pale alipokuwa akiishika zamani.

*

Ikatangazwa mechi kubwa. Watoto wa MKAKUVIVI wangecheza na watoto wa kile kisiwa, ili dunia ione. Mgeni rasmi angekuwa Baba Mlezi wa Taifa mwenyewe. Siku ilipofika Baba Mlezi alikuwa na majukumu, akatuma picha yake. Picha ikawekwa kwenye kiti kikubwa, askari mmoja akaishikia mwavuli, na Mheshimiwa Kishindo akakaa kando yake, akiinama mara kwa mara kama anayesikiliza jambo.

Watoto wa kisiwa walifika wakitafuna mikate, pamoja na kocha wao, mzee mfupi mwenye mikono minene. Alikuwa ndiye yule mwoka mikate, golikipa. Akaja kusimama karibu yangu kwenye kamba ya uwanja.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Ndugu yangu, wale watoto wawili kule mwisho, wameadhibiwa?"

"Hapana, mzee. Lile ni goli letu."

Alinitazama. "Wakichoka je?"

"Bado hawajaruhusiwa."

Alimega mkate aliokuwa nao, akanipa nusu.

Filimbi ikapulizwa na mwamuzi, bwana mkubwa kutoka Wizarani ambaye alikuwa amevaa tai. Watoto wa kisiwa wakatawanyika kama mbegu za ulezi. Wetu walisimama kila mmoja mahali pake, mikono ubavuni, vifua mbele, wakiimba sheria ya kwanza ya mpira. Walikuwa wamefundishwa wasikimbie hadi waagizwe, naye Bwana Mtalimbo alikuwa anahangaika na kipaza sauti kilichokataa kuwaka. Kilipowaka, tulikuwa tumeshafungwa "kadhaa".

"Mshambuliaji wa kati, songa mbele!" kipaza kilinguruma.

Mshambuliaji wa kati alikuwa amechuchumaa. Kulikuwa na sisimizi.

Kisha binti mmoja wa kisiwa, mwenye pengo la meno mawili ya mbele, akaupiga mpira kwa ukucha. Ulikwenda kombo, ukapungua mwendo, ukapungua tena, ukafika miguuni mwa nguzo ya kushoto, ukalala.

Mboni aliutazama. Mkono wake ulikuwa bado juu. Nilimwona anamtazama Mkurugenzi, kisha mpira, kisha Mkurugenzi tena. Kidole gumba cha mguu wake kikasogea ndani ya kandambili. Akauamsha.

Mpira ukaenda kidogo, naye akaufuata. Akaugusa tena, akaufuata tena, mara mkono ukashuka, kandambili zikabaki nyuma, na mwanangu akawa anakimbia. Nguzo ya kulia ilipoona mwenzake anaondoka, nayo ikaondoka. Walinzi wakaona goli limeondoka, wakalifuata. Viungo wakafuata walinzi. Watoto wa kisiwa hawakujali nani ni nani, wakafuata wote wakicheka. Hata Bosko aliwaaga sisimizi. Uwanja mzima ukawa bumba moja la nyuki lenye vumbi, linakwenda kushoto, linakwenda kulia, na katikati yake sauti nyembamba inapiga kelele, "Nipee! Nipee!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Mke wangu alikuwa amepanda juu ya kiti. Mtangazaji wa redio alipoteza adabu kabisa: "Ndugu wasikilizaji, goli! Goli! Yaani si goli la kufunga, goli lenyewe limekimbia!"

Mheshimiwa Kishindo aliitazama picha. Picha haikusema kitu, na hilo ndilo lililomtisha.

"Rudisheni goli!" alipiga kelele.

Bwana Mtalimbo akashika kipaza. "Mzazi wa nguzo ya kushoto! Ingia uwanjani mara moja urudishe mali ya serikali!"

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na mkate mdomoni. Niliruka kamba, nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya kazini, na kadiri nilivyosogea ndivyo vigelegele vilivyozimika.

Mboni aliponiona, uso wake uling'aa. Sijawahi kutazamwa na mtu vile. Alidhani nimekuja kucheza. Akausimamisha mpira, akaupanga vizuri kwa mguu, akaniletea taratibu hadi kwenye kiatu.

"Baba, piga!"

Watoto wote wakasimama, wanahema, wananingoja.

"Piga, Baba Mboni!" mke wangu aliita kutoka juu ya kiti. "Piga jamani!"

Nilimtazama mke wangu. Nikatazama jukwaani. Waziri alikuwa amesimama, askari wa mwavuli amesimama, mabwana wawili wenye suti zinazofanana walikuwa wameanza kutembea pembeni ya uwanja, bila haraka. Miguu yangu yote miwili ilikuwa hapo. Nikainama, nikauokota mpira kwa mikono.

Filimbi ikalia. Mwamuzi, ambaye tangu mechi ianze hakuwa ameona kosa lolote, alininyooshea kidole.

"Mkono! Ndani ya boksi! Penalti!"

Na penalti haiwezi kupigwa pasipo goli. Basi nikamshika Mboni, tukatembea hadi mahali pake. Hakubisha. Afadhali angebisha. Nilimvalisha kandambili, nikamnyoosha mkono juu.

"Baba," alisema, "mimi nilikupa pasi."

"Niliiona, mama."

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

Akaanza kulia, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa juu na mwingine unatakiwa ubavuni, hakujifuta.

Yule binti mwenye pengo aliuweka mpira kwenye alama. Akarudi nyuma ili aje mbio, kisha akasimama. Alimwangalia Mboni, akamgeukia mwoka mikate.

"Babu, goli linalia."

Yule mzee akatia mikono yake minene mifukoni. Alinitazama mimi kwanza, tena si kwa ubaya, na hilo ndilo ninalolikumbuka. "Uache mpira hapo, mjukuu wangu," alisema. "Twende zetu."

Wakaondoka, watoto wote wa kisiwa, wakigeuka nyuma kutazama.

Mheshimiwa Kishindo hakupoteza muda. Aliinama kwenye picha, akasikiliza, akainuka na kutangaza kwamba adui amekimbia uwanja, kwamba magoli yote tuliyofungwa yalipita katika goli lililokuwa na utovu wa nidhamu na kwa hiyo hayahesabiki, na kwamba nchi yetu imepata ushindi wake wa kwanza wa kimataifa. Tarumbeta zikalia. Sisi wa Idara ya Maji tulipewa mapumziko ya nusu siku.

*

Tume iliundwa kuchunguza. Iligundua kwamba nguzo za MKAKUVIVI zilikuwa na kasoro moja ya kiufundi, nayo ni miguu. Kwa hiyo nguzo za chuma zikapatikana, maana kumbe zilikuwa bandarini siku zote, zikasimikwa nyuma ya ghala, zikapakwa rangi nyeupe, zikapendeza mno. Ili watoto wasizichubue, uwanja ukazungushiwa uzio na kuwekwa mlinzi. Nimepita hapo mara nyingi. Ni magoli mazuri, hayajawahi kufungwa.

Bwana Mtalimbo amehamishiwa kwetu, Idara ya Maji. Ni bosi mpole.

Habari za nguzo tulizisikia kwenye redio tukila. Msomaji alisoma kwa sauti nzito kwamba serikali inazishukuru nguzo zote za awali kwa utumishi wao uliotukuka, na kwamba kuanzia tarehe hiyo zimestaafishwa kwa manufaa ya umma. Mke wangu akainuka akaizima.

"Kustaafu ni nini?" Mboni aliuliza.

Nilifurahi kwamba ameuliza kitu. Tangu mechi ile alikuwa haulizi. Nikamweleza kwamba mtu aliyestaafu ni mtu aliyefanya kazi yake akaimaliza, akashukuriwa, sasa anakaa anapumzika. Alitikisa kichwa, akaendelea kula.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimekaa barazani. Vichochoroni watoto wa jirani walikuwa wamefunga mpira wa makaratasi na nailoni, wanaupiga kimya kimya, na mmoja wao yuko kona anaangalia kama kuna mtu anakuja. Mpira ukawaponyoka. Ukaingia getini kwetu, ukajiviringisha, ukasimama karibu na ngazi alipokuwa amekaa Mboni.

"Mboni!" waliita kwa kunong'ona. "Tupigie! Njoo!"

Hakuinuka. Alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti.

"Mama, wanakuita," nilimwambia. "Nenda. Baba hasemi kitu, nenda."

Alinigeukia, akanijibu kwa upole, kama mtu mzima anavyomweleza mtoto jambo lililo wazi.

"Siwezi, Baba. Mimi nimestaafu."

Nikataka kucheka, maana ni neno la kuchekesha likitoka katika mdomo ule. Nikamtazama vizuri, nikaona hatanii. Watoto wa jirani walingoja kidogo, kisha mmoja akaingia kwa kunyata, akauchukua mpira wao, akatoka. Tukabaki tumekaa barazani, mimi na yeye, tunatazama geti.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, anatimiza miaka sita.